Pakiti Naziona

Mimi simwamkii Injinia. Watu wanaotufahamu wote wawili, kuanzia stendi ya Mikumi mpaka Kilosa mjini, wamenisema sana kwa hilo, na mama yangu amenikalisha chini zaidi ya mara moja. Mtu mzima ni mtu mzima, ananiambia, hata akikukosea, shikamoo haikupunguzii kitu. Namjibu kwamba Injinia hakunikosea mimi. Angenikosea mimi ningekwisha kusamehe, maana huwa nafoka leo na kesho nimesahau. Hili ni la mtu mwingine, na kwa kuwa huyo mwingine hana nafasi ya kufoka pale alipo, nafoka mimi.

Kabla ya hapo nilimwamkia miaka mingi, tena kwa moyo wote, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi. Tulikuwa na ofisi ndogo Mikumi, nyuma ya barabara kuu, vyumba viwili na feni moja, tukisambaza intaneti ya minara kwa nyumba za wageni, shule na maduka. Mnara mmoja ulikuwa hapo hapo Mikumi, mwingine kwenye kilima karibu na kijiji kiitwacho Ulaya, na wa tatu Kilosa. Ukirudi kutoka mnara wa kati umejaa vumbi mpaka kwenye kope, mtu akikuuliza ulikuwa wapi unamjibu natoka Ulaya, na mzaha huo hauchakai huku kwetu. Injinia peke yake hakuwahi kuucheka. Alisema mzaha uliorudiwa ni pakiti iliyotumwa mara mbili, ile ya pili inatupwa.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni kulipata jambo likiwa ghafi. Alikula ugali wa dona tu. Sembe aliiita mahindi yaliyochujwa na mtu usiyemjua. Asali aliitaka na masega yake. Ukimletea salamu kutoka kwa mtu alikuuliza, "Alisema maneno gani hasa?" Ukimjibu kwamba anakusalimia tu, alikunja uso. "Usinifafanulie. Niambie alivyosema." Nimemwona akimrudisha kijana wa bodaboda mpaka Kidodi kwenda kuuliza upya, kwa sababu ujumbe aliouleta ulikuwa umefupishwa njiani. Kijana alirudi na maneno yale yale, isipokuwa safari hii na tusi moja ambalo mwanzoni alikuwa amelimeza. Injinia akafurahi, akasema sasa ameelewa kwa nini yule bwana hakuja kazini.

Wateja alikuwa anawafundisha hivyo hivyo. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alipiga simu kusema mtandao umekatika. Injinia akamwambia, "Mama, huo ni uamuzi wako, siyo taarifa. Umeona nini?" Yule mama akavuta pumzi. "Nimeona kiduara kinazunguka kwenye simu, na mgeni wangu amekunja uso kama amelamba ndimu." Injinia akasema, "Sasa hiyo ni taarifa," akachukua kofia yake akaenda. Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika meza.

Lazima nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hasira yangu itaonekana ya bure. Chochote unachotuma kwa simu au kompyuta hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hufungwa kikaandikwa kinatoka kwa nani na kinakwenda kwa nani. Kipande hicho ndicho pakiti. Kikifika kwenye mashine kinapokelewa na kadi ya mtandao, na nyuma ya kadi imekaa kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo mzima wa mashine. Kerneli inaikagua pakiti, ikiitilia shaka inaitupa, ikiikubali inaivua maandishi yote ya juu na kuipa programu kile kilichomo ndani tu. Programu za kawaida hazioni bahasha hata siku moja. Mafundi wengi wanafanya kazi mpaka wanastaafu wakiwa upande huo wa programu, na hawapungukiwi kitu.

Injinia hakutaka kukaa upande huo. Alikuwa ameandika programu yake mwenyewe, fupi, iliyoiomba kerneli jambo moja: kabla hujaigusa pakiti yoyote, nipe nakala yake kama ilivyoingia, na bahasha yake, na uchafu wake, hata ile isiyonihusu. Kerneli haimpi kila mtu ruhusa hiyo. Ni lazima uwe na neno la siri la juu kabisa, na pale ofisini tulikuwa nalo watu wawili, yeye na mimi. Nakala zile zilimiminika kwenye skrini kwa jozi za namba na herufi, mstari juu ya mstari, naye alizisoma kwa macho. "Sifuri nane, sifuri sifuri, arobaini na tano, sifuri sifuri," alikuwa anaimba, maana ndivyo pakiti nyingi zinavyoanza ukishaziruka anuani za kadi. Aliimba hivyo akinawa mikono, akifunga kamba za viatu, hata akisubiri chai ipoe. Siku niliyoweza mwenyewe kuutambua mnara wa Ulaya katikati ya utitiri ule, bila kuonyeshwa, nilifurahi kuliko siku ya mahafali yangu. Haki yake hiyo simnyimi.

Wala simnyimi nyingine. Mtu anayeona kila kinachopita anaweza kuwa mtu hatari sana, na yeye hakuwa hivyo. Kuna mwenye hoteli mmoja wa Mikumi alikuja ofisini amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akataka tumwonyeshe wafanyakazi wake wanaandikiana nini. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimekaa getini. Namwona anayeingia na anayetoka. Mkoba wa mtu siufungui." Yule bwana akaanza kupandisha sauti, na siku hiyo hiyo Injinia akapanda kwenye paa la hoteli, akaling'oa dishi letu, akashuka nalo kifuani. Hakuwahi kusimulia jambo la mtu hata mmoja, wala kwa mkewe. Nilikuwa najivunia kufanya kazi chini yake, na naandika hivyo hapa kwa uchungu.

Tatizo lake lilikuwa mdomo wa mtu. Kitu kikipita kwenye waya alikiamini kabla hakijamaliza kuingia, lakini ukisimama mbele yake ukamwambia kwa sauti yako, kilikuwa hakiingii. Mkewe alimwambia bati la sebuleni linavuja. Akajibu hajaona maji. Akaambiwa tena masika yote, akajibu hivyo hivyo, mpaka siku tone lilipodondoka kwenye mboga yake, ndipo akatafuta ngazi. Mkewe alikuwa anatusimulia hayo akicheka, na sisi tunacheka. Sasa nikikumbuka kile kicheko natamani nikirudishe.

Nije kwenye mto. Mkondoa una tabia ambayo wageni hawaiamini mpaka iwakute. Mvua inanyesha milimani huko juu, Kilosa jua linawaka, watu wameanika nguo, na maji yanakuja mekundu yamebeba magogo. Watu wa bondeni, upande wa Chanzuru, walikuwa na utaratibu wao. Wakati wa masika kaya zilipeana zamu, mtu mmoja anakaa juu ya tuta anatazama rangi ya maji na povu lake. Akiona limebadilika anapiga yowe, na kila anayelisikia analipokea. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kaya ambayo zamu yake imefika ilipoteza siku ya shamba.

Ndipo ofisi yetu ikafunga kipima maji kwenye daraja la juu mtoni. Kipima kilituma pakiti yenye kina cha maji, pakiti inapita minara yetu mpaka kwenye mashine ya Mikumi, na programu ikiona kina kimevuka alama, inaamuru king'ora kilichofungwa juu ya ghala la kijiji kilie. Injinia alikuja kuzindua mwenyewe, na tai shingoni. Aliwaambia watu kwenye mkutano, nami nilikuwa nimesimama pembeni yake, "Kuanzia leo mtu asikae tena kwenye tuta. Mto unalindwa na mashine. Mkisikia, pandeni juu. Msiposikia, fanyeni kazi zenu kwa amani." Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na zamu za tuta zikafa siku ile.

Katika waliopiga makofi alikuwemo Mama Kulwa na mumewe. Ni Wasukuma, walifika na ng'ombe wao miaka ya karibuni, wakalima mpunga na kuchunga, na kaka mkubwa wa mume, Mzee Masanja, ndiye mkuu wa boma lote. Baba Kulwa alikuwa ananywesha ng'ombe kwenye kona ya mto, chini ya ukingo mrefu, mahali ambapo king'ora hakisikiki vizuri. Kwa hiyo wakapatana na mkewe. Yeye Mama Kulwa anabaki juu nyumbani, akisikia king'ora tu anagonga debe, na sauti ya debe inashuka moja kwa moja mpaka konani. Debe lenyewe lilining'inizwa kwenye nguzo ya uzio na fimbo yake imechomekwa pembeni. Boma zima lilijua hiyo ni kazi ya nani.

Kisha tukafunga njia ya pili kati ya Kilosa na Mikumi, ili moja ikizimika nyingine ishike. Kuanzia siku hiyo pakiti za kile kipima zikawa zinaingia kwenye mashine kwa mlango mpya. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele ya ile skrini ya programu, na nikaona kina cha maji hakisogei. Nilimfuata Injinia mezani kwake.

"Injinia, kina cha mto kimeganda tangu tufunge njia mpya."

"Ni kiangazi, binti. Mto umelala."

"Hata ukilala unapumua. Zamani kilikuwa kinapanda kinashuka kidogo. Sasa hakitikisiki kabisa."

Akafungua programu yake, skrini ikajaa jozi zake. Kidole chake kikakimbia. "Pakiti naziona. Hii ya kipima, hii, hii nyingine hii. Kina kimo ndani. Unataka nini zaidi?"

"Wewe unaziona. Programu ya king'ora haizipati."

"Pakiti ikifika imefika," alisema. "Unabishana na waya?"

Kosa lenyewe ndilo hilo, na fundi wa kawaida asingeweza kulifanya. Fundi wa kawaida, asiyejua kusikiliza ghafi, angetazama skrini ya programu, angeona hakuna kinachoingia, angeanza kutafuta. Injinia alikuwa anasikilizia getini. Nakala yake aliipata kabla kerneli haijakagua chochote. Nyuma ya geti kerneli inajiuliza: huyu aliyetuma, mimi nikitaka kumjibu ningepita mlango gani? Ikiwa mlango huo siyo ule alioingilia, inamhesabu mdanganyifu, inaitupa pakiti, na haimwambii mtu. Mashine yetu bado ilikijua kipima kama mtu wa mlango wa zamani. Kwa hiyo kila pakiti ya mto ilifika, Injinia akaiona kwa macho yake, akaridhika, na hatua moja mbele ikatupwa. Programu ikabaki imeshikilia kina cha siku ya mwisho, ikiamini mto haujasogea.

Mimi wakati huo sikujua ni ukaguzi gani unaozitupa. Nilijua tu kwamba haziingii, na nilisema. Nilisema tena mbele ya wenzangu, akaniambia nikianza kuona pakiti kwa macho kama yeye ndipo niongee. Niliwafuata mpaka wenye ofisi, wakamuuliza yeye, yeye akawaonyesha skrini yake. Kabla ya masika tukakijaribu king'ora kwa kitufe kutoka ofisini, kikalia vizuri, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Kitufe hakipiti kwenye kipima. Nililisema na hilo pia.

Maji yalikuja mchana, jua likiwa kali. Mimi nilikuwa Kilosa kwenye mnara, nikaona kwanza vumbi la watu wanaokimbia, halafu ndipo nikasikia mto. King'ora kilikuwa kimya juu ya ghala, njiwa wametua juu yake. Nyumba za bondeni ziliondoka, mpunga ukaondoka. Watu wengi walipona kwa sababu wakati ule walikuwa mashambani upande wa juu. Baba Kulwa alikutwa siku ya pili, kamba ya ndama bado imeviringika kwenye kiganja chake.

Kilichofuata ndicho kinachonichemsha mpaka leo. Uliitishwa mkutano, watu wakauliza mbona hakikulia. Injinia akasimama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililowashawishi watu. "Nimekagua," alisema. "Pakiti za mto zilifika siku ile, nimeziona kwa macho yangu. Mashine ikipokea, king'ora kinalia. Kama kuna ambao hawakusikia, ni upepo, au ni shughuli zao." Nilipiga kelele kwamba siyo kweli, nikaambiwa nikae chini, mkubwa anaongea. Na watu walivyo, wawili watatu wakaanza kusema ni kweli, walisikia kitu kwa mbali. Mmoja alikuwa Morogoro siku hiyo.

Mzee Masanja, ambaye siku ya maji alikuwa mbali mashambani na watu wake, alisikiliza yote hayo ameegemea fimbo yake. Kama king'ora kililia, basi debe halikugongwa kwa wakati. Kama debe lilichelewa, kuna mtu alilala, au alikwenda kwa jirani kupiga soga, au alisikia akanyamaza. Hakumpiga shemeji yake, wala hakumfukuza. Alifanya vibaya zaidi. Boma zima liliacha kula chakula cha Mama Kulwa. Akipita hawamwitikii. Kulwa na Doto, mapacha wake, walihamishiwa nyumba kubwa, na ikatangazwa kwamba mavuno yakiisha watapelekwa usukumani kwa bibi yao, kwa kuwa mama asiyesikia hawezi kulea.

Nilirudi Mikumi na hasira, nikakaa na ile mashine mpaka nikaujua ule ukaguzi wa milango, nikaelewa kila kitu. Nikafungua mipangilio ili niuzime. Nikakuta umeshazimwa, na kina cha maji kwenye skrini kinapanda kinashuka kama zamani. Neno la siri tulikuwa nalo wawili tu. Nilimkuta Injinia anakunywa chai.

"Umegusa mipangilio ya kerneli," nilimwambia.

"Nimefanya usafi."

"Lini?"

"Baada ya maji."

"Kwa hiyo kwenye mkutano ulikuwa unajua."

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nilisema pakiti zilifika," alijibu. "Na zilifika."

Siku ile ndiyo niliyoacha kumwamkia. Nilikwenda Chanzuru kumweleza Mzee Masanja, akaniuliza mimi ni nani hata nimpinge Injinia. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, akasema mambo ya kitaalamu yanasemwa na mtaalamu mkuu. Sikuweza kuwaonyesha chochote, maana mtu mwenyewe alikuwa ameshasafisha, na pakiti iliyotupwa na kerneli haiachi hata vumbi. Baadaye Injinia akastaafu, wakamfanyia sherehe ya kumuaga, mimi nikapewa mashine zake. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifundisha programu ipige kelele kila kipima kinaponyamaza. Lakini kwa Mama Kulwa hilo halikusaidia kitu.

Mavuno yalipokaribia kwisha nilimtembelea. Alikuwa anapeta mpunga peke yake nyuma ya nyumba. Nikamwambia nakwenda kwa Injinia kwa mara ya mwisho, nikamuuliza anataka nimwambie nini. Aliweka ungo chini, akasema, na mimi nikayashika maneno yake yote.

Nyumba ya Injinia Mikumi iko upande wa reli, bati jipya. Niliingia bila shikamoo. Alikuwa mezani na dona lake na mlenda, amekonda, na alinitazama akisubiri salamu, halafu akaacha kusubiri.

"Nimeleta ujumbe wa Mama Kulwa," nilisema.

"Alisema nini?"

"Anasema..."

"Usinifafanulie. Niambie alivyosema."

Nikamwambia alivyosema. "Mwambie Injinia mimi nilikuwa nasikiliza. Siku ile nilikuwa namenya karanga, nikaacha, ganda lisije likanizibia sauti. Watoto walikuwa wanacheza nikawafokea wanyamaze. Fimbo ya debe nilikuwa nayo mkononi. Nilisikiliza mpaka nikasikia maji yenyewe, ndipo nikagonga, na baba yao hakuwa na muda tena. Mwambie sikulala."

Tonge lilikuwa mkononi mwake. Alilirudisha kwenye sahani. "Unajua, binti, pakiti zili..."

"Pakiti usinitajie!" nilisema, na nilisema kwa sauti ambayo majirani waliisikia, maana mlango wa jirani ulifunguka. "Wiki hii watoto wanapandishwa basi. Gari la ofisi liko nje. Utakwenda kumwambia Mzee Masanja ulichokifanya, au nitakisimulia hapa barabarani kila siku mpaka unikimbie."

Sijui ni nini kilichomnyanyua, maneno ya Mama Kulwa au kelele zangu. Napenda kuamini ni ya kwanza, lakini simjui tena vya kutosha. Alinawa mikono, akachukua kofia. Tulipita Ulaya siku ya gulio, baiskeli zimejaa barabarani na matenga ya nyanya. Hakuimba namba zake.

Mzee Masanja alikuwa amekaa barazani na wadogo zake wawili. Mimi nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda nikakaa. Mama Kulwa alisimama mbali kwenye uzio. Injinia alivua kofia akaanza. Akaanza na kerneli. Akasema kuna ukaguzi wa njia ya kurudi, na kwamba zinapokuwepo njia mbili, pakiti inaweza kupokelewa kwa ngazi moja na isi...

"Injinia," Mzee Masanja alimkata. "Mimi mchunga ng'ombe. Usinizungushe. King'ora kililia au hakikulia?"

Injinia akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama mbuzi.

"Hakikulia," alisema.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua kabla ya mkutano."

Mama Kulwa alitoka kwenye uzio akaja mpaka mbele yake, karibu kabisa. Nilifikiri atamzaba kofi, na nisingemzuia. Alimuuliza, "Na sasa kinalia?"

"Kinalia, mama. Sasa kina..."

"Nikisikie."

Nilimpigia mtendaji awatangazie watu kwa spika kwamba ni majaribio, nikampigia kijana wangu ofisini aiingizie mashine kina cha uongo kama kinavyotoka kwa kipima, siyo kile kitufe. King'ora kikalia. Njiwa wakaruka juu ya ghala, ng'ombe zizini wakainua vichwa, mtoto wa jirani akaanza kulia. Sauti ilijaa bonde lote mpaka ng'ambo ya mto, hapo bomani hakuna mahali ungeweza kusimama usiisikie, na Mama Kulwa aliisikiliza yote mpaka ilipokatika.

Kisha akamgeukia shemeji yake. "Umesikia, baba? Ndivyo kinavyolia. Sauti hii mimi sikuipata siku ile. Ningeipata ningegonga mpaka debe litoboke."

Mzee Masanja aliweka kidevu juu ya fimbo. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Halafu akaita kuelekea nyumba kubwa, "Kulwa! Doto! Mleteeni mama yenu kiti. Ile safari haipo."

Walikitoa wawili, mmoja huku mmoja kule, wakakiweka katikati ya baraza, na Mama Kulwa akakaa. Wakaleta maji ya kunywa. Nilikuwa nimetegemea hasira itanitoka siku hiyo, haikutoka. Injinia alikuwa bado amesimama juani na kofia yake mkononi, mtu mzima wa kuheshimika. Hakuna aliyemkaribisha kiti, na mimi nilikuwa nacho, sikuinuka kumpisha.